Samaki watano wa baharini (gobi, klauni wawili, damseli na kangaja wa buluu) siku moja kwenye tangi la matumbawe la lita 200?

Hapana, usiwatie wote pamoja. Bakteria wanaosafisha maji huongezeka polepole kwa kadiri ya uchafu wanaoupata. Samaki watano kwa mpigo watapandisha amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wao, kabla bakteria hawajatosha.

Anza na gobi, maana ni mwoga na anahitaji kujipatia shimo lake chini ya jiwe. Subiri wiki tatu, pima maji: amonia na nitraiti (sumu ambayo bakteria huitoa wakivunja amonia) zikiwa 0, leta klauni wawili siku moja, mkubwa na mdogo. Mkubwa atakuwa jike na ugomvi utapungua. Damseli aje mwisho kabisa. Akitangulia atalimiliki tangi zima na kumng'ata mapezi kila mgeni.

Kangaja wa buluu mwache, tafadhali. Hufikia sentimita 30 na anataka nafasi ya kuogelea, humo atateseka.

Kila mgeni akae kwanza wiki nne kwenye tangi la pembeni. Akitoka vidoa vyeupe kama punje za chumvi, humo unaweza kumtibu kwa dawa ya shaba. Ndani ya tangi kuu dawa hiyo inaua matumbawe na kamba.