Pakiti zinapotea kwenye faiawoli? Usiizime kwanza

Simu za intaneti zinakatikakatika, mfumo wa malipo unaganda, na tayari kuna mtu ameshika swichi ya umeme ya faiawoli, kile kifaa kinacholinda mtandao wa ofisi, ili aizime na kuiwasha. Mzuie. Ikizimwa, kaunta zote zinazohesabu pakiti (vipande vya data) na makosa zinarudi sifuri, na ushahidi wako umekwenda nazo.

Kata njia vipande. Tumia kompyuta ya Linux iliyochomekwa waya, maana Wi-Fi ina upotevu wake na itakuchanganya. Fungua madirisha matatu, yote yaende kwa pamoja: `ping -c 500 -i 0.2` kwenda anwani ya ndani ya faiawoli, kwenda ruta ya kwanza ya mtoa huduma, na kwenda 8.8.8.8 (seva ya Google). Zinachukua kama sekunde 100. Zile ping nne za Windows hazikwambii kitu. Upotevu wa asilimia 1 utapita katikati yake. Dirisha la kwanza likipoteza, kagua waya na swichi za ndani. La kwanza likiwa safi na la pili linapoteza, shida ni faiawoli, waya wake wa nje au laini iliyojaa. Ukitumia `mtr`, inayopima upotevu kwenye kila ruta njiani, ukaona ruta ya katikati inapoteza asilimia 40 lakini mwisho wa safari ni 0, achana nayo: ruta hiyo inabana majibu ya ping tu.

Sasa kaunta. Kwenye faiawoli ya Linux, toa `ip -s link` na `ethtool -S eth1` (eth1 ni jina la poti, weka la kwako), andika namba, subiri dakika 10, kisha soma tena. Namba kubwa isiyoongezeka ni ya zamani, haikuhusu.

Makosa ya CRC (pakiti zilizofika zimeharibika) yakipanda, mshuku waya: kichwa cha RJ45 kilichobanwa vibaya, kebo iliyozidi mita 100, au poti iliyopitiwa na radi. Hili la radi watu wa Kigoma wasilipuuze mvua zinapoanza, kwa sababu poti iliyopigwa si lazima ife. Inaweza kuendelea kuwaka taa huku ikiharibu data. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, waya kwanza, poti baadaye. Kama vyote ni vizima, angalia duplex, yaani kama poti inatuma na kupokea kwa wakati mmoja (full) au kwa zamu (half). Upande mmoja ukiwekwa 100 full kwa mkono na mwingine ukabaki auto, wa auto huangukia half. Saa kumi na mbili asubuhi kila kitu ni shwari. Saa tatu, ofisi ikijaa, pakiti zinaanza kugongana. Weka auto pande zote mbili.

Kaunta ya dropped (pakiti zilizotupwa) ikipanda bila CRC, huenda faiawoli inazidiwa. Fungua `top`, bonyeza 1: koa moja ya prosesa inaweza kuwa imejaa kwenye safu ya `si` (kazi ya kushughulikia pakiti) huku nyingine zimelala. Tabora mwezi wa Oktoba, joto likiwa juu na feni imezibwa na vumbi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe. Brashi ya kupakia rangi inatosha kuisafisha.

Kinachowapiga chenga wengi ni jedwali la miunganisho, ambamo faiawoli huandika kila muunganisho unaopita. Linganisha `net.netfilter.nf_conntrack_count` (iliyopo) na `net.netfilter.nf_conntrack_max` (kikomo) kwa `sysctl`, kisha tafuta kwenye `dmesg` maneno "table full, dropping packet". Likijaa, miunganisho ya zamani inaendelea na mipya ndiyo inayogoma, kwa hiyo ping yako iliyoanza mapema itaonekana safi kabisa. Kabla ya kuongeza kikomo, soma `conntrack -L` uone anwani ipi ya ndani inajirudia. Kompyuta moja yenye virusi inaweza kulijaza peke yake.

Kurasa ndogo zikifunguka na kubwa zikiganda, shuku MTU, ukubwa wa juu wa pakiti. Jaribu `ping -M do -s 1472`. Kwenye laini ya PPPoE (ya kuingia kwa jina na nenosiri) inayopita ni 1464, na dawa yake ni kubana MSS, kiasi cha data ndani ya kila pakiti ya TCP.

Na laini iliyojaa? Kama umenunua Mbps 20, weka kikomo cha 18 kwenye faiawoli kwa HTB, na fq_codel ya kupanga foleni chini yake, ili foleni ikae kwako.

Mtoa huduma umpigie baada ya kuchomeka kompyuta moja kwa moja kwenye laini yake, faiawoli ikiwa pembeni, na upotevu bado upo. Mtumie matokeo ya ping 500 pamoja na saa kamili ulizozipima.