Dawa za akili zimempandisha sukari, tuziache?

SWALI: Kaka yangu ana skizofrenia. Mwaka na nusu sasa anameza olanzapini miligramu 10 kila usiku. Ametulia, ila amenenepa kilo 14, na tangu mwezi jana anakunywa maji mno na kukojoa usiku kucha. Kliniki ya kisukari walimkuta na sukari ya 13.8 (mmol/L), wakamwanzishia metformini, wakasema dawa za akili ndizo zilizoleta hayo. Kliniki ya akili hawajawahi hata kumpima uzito. Tuziache? – Dada yake, Morogoro

JIBU: Msiziache. Olanzapini ikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi, na mtu aliyechanganyikiwa hamezi hata hiyo metformini. Ni kweli olanzapini inaongeza njaa na kuidhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari. Lakini kuibadilisha ni juu ya daktari wa akili: mpya hupandishwa pole pole huku ya zamani ikipunguzwa. Mwulizeni kama inawezekana. Mpelekeeni daftari la kisukari na dawa zote kwenye mfuko mmoja, za kienyeji pia.

Uzito, kiuno, presha, sukari kabla ya kula na mafuta ya damu vilipaswa kupimwa kabla ya kidonge cha kwanza, tena baada ya miezi 3, kisha kila mwaka. Mna haki ya kuvidai sasa.

Metformini ale na chakula. Kuharisha kwa wiki za mwanzo ndiko kunakowafanya wengi waitupe. Mwambieni daktari aianze na dozi ndogo.

Kinachotutia hofu zaidi ni hiki. Akiongezewa glibenklamidi (kidonge kingine cha kushusha sukari) au sindano ya insulini, halafu siku moja akaanza kutoka jasho, kutetemeka, kufoka na kuongea yasiyoeleweka, msikimbilie kusema kichwa kimerudi. Pimeni sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4, mpeni vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15. Kama hawezi kumeza, msimnyweshe kitu, hospitali. (Metformini peke yake ni nadra kuishusha hivyo.) Akitapika, akasinzia na kuhema kwa nguvu huku sukari ikiwa juu, hospitali siku hiyo hiyo.

Anavuta sigara? Akiacha, na ni vizuri aache, daktari wa akili ajue: moshi hupunguza olanzapini mwilini, hivyo dozi ile ile inaweza kumlewesha usingizi.