Maswali yenu kuhusu 2,147,483,647

Pesa zangu kwenye mchezo wa simu zimegota 2,147,483,647. Nimefungiwa?

Hujafungiwa. Aliyeandika mchezo alizitengea pesa zako biti 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja hukaa 0 au 1: moja ya kuonyesha hasi au chanya, 31 za namba yenyewe. Zidisha 2 kwa 2 mpaka zitimie mbili 31, toa 1, utaipata hiyo hiyo. Biti zote 31 zimeshakuwa 1, hakuna pa kuongeza.

Mwalimu alisema ni namba tasa. Watu walijuaje kabla ya kompyuta?

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliitaja kuwa tasa mwaka 1644, ila uthibitisho ulipatikana kufikia 1772. Ulikuwa wa mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Namba ikigawanyika, kigawo chake kimojawapo hakizidi kipeuo chake cha pili, hapa ni kama 46,340. Chini ya hapo kuna namba tasa maelfu. Euler akaonyesha kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Papo hapo 3, 5, 7, 11 na maelfu ya wenzake wakaondoka. Waliobaki aliwajaribu, hakuna aliyegawa bila baki.

Basi kila 2 ikipandishwa kwa namba tasa, ukatoa 1, jibu ni tasa?

Hapana. Jaribu 11: unapata 2,047, ambayo ni 23 × 89. Lakini chukua kalamu, gawa 23 kwa 22, kisha 89 kwa 22. Zote zinabakiza 1! Hiyo 22 ni 11 mara mbili. Kwa 31 inakuwa 62, na 248 ya Euler ni 62 mara nne. Mimi hapa huwa nasimama kidogo kila nikipitia.

Nasikia mwaka 2038 kompyuta zitachanganyikiwa. Ni kweli?

Baadhi. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Inayotumia biti 32 itafika kwenye namba yetu Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7, kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata hesabu inageuka hasi, na tarehe inarudi Desemba 1901. Simu mpya nyingi zinatumia biti 64, hizo hazina shida. Ninachohofia ni mitambo ya zamani ambayo programu yake haijaguswa tangu ifungwe. Kama unayo kazini, mwulize fundi sasa.