Jibu: Stendi ya kupunguza teke na darubini yako

Ndugu yangu, unauliza kwa nini .375 H&H yako, bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, inapiga pazuri ukiwa kwenye stendi iliyowekewa mizigo ili kupunguza teke (msukumo wa bunduki kurudi nyuma), lakini ukiishika mwenyewe risasi zinahama, na kama stendi hiyo inaharibu darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki.

Bunduki huanza kurudi nyuma risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ni sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini inatosha: namna bunduki inavyozuiwa wakati huo hubadilisha mahali risasi itakapotua. Kwa hiyo stendi haikudanganyi. Inakupa jibu la bunduki iliyofungwa, na wewe porini hutaifunga.

Kuhusu madhara, mimi naogopea mbao ya kitako cha bunduki kabla ya darubini. Nguvu ya teke haipotei. Bega likirudi nyuma huimeza polepole, ila stendi iliyosheheni mizigo haisogei, na mbao nyembamba nyuma ya kifyatulio inaweza kupasuka. Darubini nayo inaweza kuteleza ndani ya pete zinazoishikilia, au skrubu zikalegea. Zikague kabla hujailaumu darubini.

Punguza mzigo, tafadhali, mpaka stendi iteleze kidogo kila unapofyatua. Itumie kurekebisha darubini mpaka risasi zikaribie shabaha tu, kisha malizia kwenye mifuko ya mchanga, bunduki ikiwa begani, umevaa pedi ya bega. Piga risasi tatu, acha mtutu upoe. Mwishowe piga kutoka kwenye fimbo za kuwindia, maana ndizo utakazotumia mbele ya nyati.