Maswali ya Wasomaji: Rupia Iliyogeuka Rangi

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yangu mzaa baba aliniachia rupia ya wakati wa Wajerumani, yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma upande mmoja, na simba na mtende upande wa pili. Ilikaa miaka mingi ndani ya kasha ikiwa imefungwa kwa karatasi, na sasa ukingo wake umekuwa na rangi ya dhahabu inayoelekea kwenye wekundu, kisha bluu. Ningependa kuipeleka kwa kampuni inayopanga sarafu kwa madaraja, lakini sonara wa hapa mtaani ananishauri niisugue kwanza kwa ukwaju ili ing'ae. Je, rangi hii itaishusha daraja? – Msomaji, Tanga

JIBU: Tunakuomba usiisugue. Sonara anajua kazi yake, lakini kazi hiyo ni ya kung'arisha bangili, na kinachopendeza kwenye bangili ndicho kinachoharibu sarafu ya mkusanyaji.

Rupia yako ina fedha ya asilimia 91.7 na uzito wa gramu 11.66, kipimo kilekile cha rupia ya India iliyotangulia kutumika pwani. Fedha nyingi kiasi hicho, ikikutana polepole na chembe za salfa zilizomo katika hewa, karatasi au nguo, hujenga juu yake utando mwembamba wa salfaidi, na unene wa utando huo ndio unaoamua ni mwanga wa rangi gani utakaolifikia jicho: kwanza dhahabu, kisha wekundu na zambarau, halafu bluu, na mwisho kabisa weusi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921, ambayo fedha yake ni robo tu, haina bahati hiyo. Kwa kawaida huishia kwenye kijivu au kahawia iliyofifia.

Tuje kwenye daraja. Kampuni kubwa mbili za Marekani, PCGS iliyoanzishwa mwaka 1986 na NGC iliyoanzishwa mwaka 1987, hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichotokana na kile alichobuni William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, na sarafu ambayo haikuchakaa kwa matumizi huanzia 60. Rangi ya asili, kwa yenyewe, haiongezi wala haipunguzi namba hiyo. Mkadiriaji huigeuzageuza sarafu chini ya taa akitafuta mng'aro, yaani ule mwanga unaozunguka juu ya uso wa sarafu kutokana na mistari midogo mno iliyoachwa na chuma cha kupigia chapa. Utando mwembamba huuacha mng'aro huo uonekane. Utando mzito na mweusi huufunika, na ukikaa zaidi huula uso wenyewe, hapo daraja hushuka kwa haki. Kwa sarafu iliyo mpakani, tuseme kati ya 64 na 65, rangi inayopendeza inaweza kuivusha, kwa kuwa mvuto wa macho nao huhesabiwa, na NGC huweka alama ya nyota kwa sarafu yenye mvuto wa pekee. Wanunuzi huenda mbali kuliko wakadiriaji: wapo wanaolipa mara kadhaa ya bei ya kawaida kwa ajili ya rangi tu, jambo ambalo sisi tunaliona ni kupita kiasi.

Ukwaju na msuguano, kinyume chake, huacha mikwaruzo myembamba isiyoondoka tena, na sarafu ya namna hiyo kwa kawaida hurudishwa ikiwa imeandikwa kwamba ni halisi lakini imesafishwa, bila namba yoyote. Itazame pia sehemu ya juu ya ukingo: rupia nyingi zilitobolewa au kulehemiwa kikonyo ili zivaliwe shingoni, na alama hiyo huamua mambo kabla hata ya kuzungumzia rangi.

Wakadiriaji watauliza pia kama rangi ni ya kweli, maana wapo wanaozipasha sarafu moto au kuzifukiza kwa salfa ili wauze ghali. Mfano unaofundisha vizuri ni dola za Morgan, yaani sarafu za zamani za fedha za Marekani za dola moja, zilizotunzwa katika hazina ya Marekani ndani ya magunia ya turubai ya sarafu elfu moja moja: sehemu iliyogusa gunia iligeuka rangi, na sehemu iliyofunikwa na sarafu jirani ikabaki nyeupe, mpaka kati yao ukiwa umepinda kama mwezi mwandamo. Rangi ya bandia mara nyingi huruka mpangilio, bluu ikatokea ghafla pasipo dhahabu kuitangulia, au huingia ndani ya mikwaruzo mipya kana kwamba imemiminwa. Rangi yako imeanzia ukingoni na kufuata mpangilio wake, jambo linaloelekea kuwa la asili, ingawa hatuwezi kuithibitisha bila kuiona.

SWALI: Sarafu yangu ya shaba ya pesa moja ya mwaka 1890 imekuwa kahawia, na ina utelezi wa kijani tangu nilipoiweka kwenye mfuko laini wa plastiki. Je, sheria ni hiyohiyo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, shaba ina hesabu yake. Kwa sarafu ya shaba ambayo haikuchakaa, kando ya namba huandikwa kama ni nyekundu, nyekundu-kahawia au kahawia, na iliyobakiza wekundu wake huwa ghali zaidi hata namba zikilingana. Wekundu uliokwisha haurudi. Pesa iliyosuguliwa hadi ikawaka hutambulika mara moja. Utelezi wa kijani yaelekea umetoka kwenye plastiki ya PVC, nao huendelea kuila shaba. Itumbukize sarafu katika asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha iache ikauke bila kuifuta. Asetoni haitagusa ukahawia wake. Baada ya hapo ihifadhi katika plastiki ngumu isiyo na PVC, mbali na mipira ya kufungia, ambayo nayo ina salfa.