Muulize Mjomba: Muvi imesifiwa dunia nzima, mimi imenilaza usingizi

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu, kwamba Avatar ya 2009 naona imesifiwa kuliko inavyostahili, basi meseji zimemiminika kuanzia Newala mpaka Kilwa, wapo walioniunga mkono, wapo waliokasirika kabisa, na wengi wana swali lao la moyoni walikuwa wanaona aibu kuliuliza. Nimechukua machache. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni fundi simu hapa stendi Masasi. Kwenye grupu letu la WhatsApp jamaa wanaisifia The Godfather, wanasema kama hujaiona wewe hujaona muvi. Nikaishusha kwa bando la usiku nikaangalia kwenye simu, Mjomba nililala mara mbili, watu wanaongea tu gizani hata sura siwaoni. Nikaandika kwenye grupu kwamba imekuzwa sana, nikatukanwa, eti mimi wa muvi za ngumi. Ni kweli sijui muvi? (Fundi simu, Masasi)

Marahaba mjomba wangu. Nianze na hilo giza maana umeliona kwa macho yako na hukukosea. Ile muvi ya 1972 mpiga picha wake, Gordon Willis, aliifanya iwe na giza makusudi, taa akaziweka juu ya vichwa vya watu ili mwanga ushuke chini na macho ya Marlon Brando, aliyeigiza bosi mkuu wa genge la mafia, yabaki kwenye kivuli, usijue yule mzee anawaza nini. Wenzie kwenye kazi walimpa jina la mwana wa mfalme wa giza. Kwa hiyo giza lipo, ila lilitengenezwa kwa ajili ya ukumbi uliozimwa taa, sio simu iliyopunguzwa mwanga ili chaji isiishe.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na banda la video hapa Mtwara, mitaa ya Magomeni, juu bati pembeni makuti, tv ya inchi 21, jenereta linanguruma nyuma, kiingilio shilingi mia. Siku moja nikapewa CD mbili za The Godfather nikaambiwa hii ndo baba wa muvi zote, nikaiweka saa nane mchana banda limejaa. Lile bati lilikuwa kuukuu limetoboka matundu ya misumari, jua likawa linaingia vijistari vijistari, kimoja kimetua katikati ya kioo cha tv kabisa. Sasa ile muvi inaanza na sura ya mtu mmoja tu anaongea ofisini, giza pande zote, kamera inarudi nyuma polepole karibu dakika tatu nzima, watu wangu wakaona kioo cheusi na mstari wa jua basi. Kijana mmoja mvuvi aliyekaa mbele akageuka akaniuliza, "Mjomba, tv imeungua?" Alikuwa anauliza kweli. Dakika ya kumi na tano wakaanza rudisha hela, rudisha hela, nikawarudishia mmoja mmoja pale mlangoni, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe nilikuwa nasema ile muvi ni bure.

Halafu nikaja kuiona Dar kwa ndugu yangu, usiku, taa zimezimwa, tv kubwa. Nikamuona paka kwenye mapaja ya Brando, nikaona vile huku ndani watu wanapanga mambo ya damu kwenye giza na huko nje harusi inachezwa kwenye jua kali, unatoka gizani unaingia kwenye mwanga unarudi tena gizani, nikaelewa kwamba banda langu lilikuwa limeniibia nusu ya muvi. Yule mvuvi nilimkumbuka sana usiku ule.

Sasa wewe irudie kwenye tv, usiku. Ukiona bado inakuchosha, hapo una haki kamili ya kusema imekuzwa, ila iseme kwa hoja. Ukiandika "mbaya" watakutukana, lakini ukiandika kwamba ni karibu saa tatu na wanawake wote humo ndani hawana cha kusema, mpaka picha ya mwisho Kay, mke wa mtoto wa yule bosi, anafungiwa mlango usoni, hapo itabidi wakujibu, na wengine utashangaa wanakubaliana na wewe.

Mjomba habari za kazi. Mimi ni mama wa nyumbani Nachingwea. Mdogo wangu anasoma chuo Dar alikuja na flashi, akaniambia dada leo nakuonesha muvi iliyochaguliwa namba moja duniani. Mjomba, masaa matatu na zaidi mama wa Kizungu anamenya viazi, anatandika kitanda, anaosha vyombo! Nikamuuliza hii si ndo naifanyaga kila siku, nani kaniwekea kamera? Akasema sina uelewa wa sanaa. Imeniuma kidogo. (Mama wa watoto watatu, Nachingwea)

Pole dada yangu, na huyo mdogo wako akikusoma hapa ajue Mjomba yuko upande wako kwa sehemu kubwa.

Muvi yenyewe ni Jeanne Dielman ya 1975, ya dairekta mwanamke wa Ubelgiji, Chantal Akerman, ambaye alikuwa hajafika hata miaka 30. Inaenda saa 3 na dakika 21. Ni siku tatu za mjane na mwanawe mmoja pale Brussels. Hilo la namba moja limetoka kwenye jarida la Uingereza linaitwa Sight and Sound, ambalo tangu 1952 kila baada ya miaka kumi linauliza wakosoaji wataje muvi bora za wakati wote. Sasa angalia hapa dada. Kuanzia 1962 mpaka 2002 namba moja ilikuwa Citizen Kane, mara tano mfululizo, 2012 ikaingia Vertigo, 2022 ndo hii ya viazi. Je hizo muvi zilibadilika? Hazikubadilika hata sekunde moja. Waliobadilika ni wapiga kura, 2012 walikuwa 846 na 2022 wakawa zaidi ya 1,600, wakaingia watu wengi wa aina nyingine na macho mengine. Kwa hiyo namba moja duniani maana yake ni namba moja kwa watu hao, mwaka huo. Wewe hukupiga kura na wala mimi sikupiga.

Na nikwambie ninachoamini. Mkosoaji aliyekula maisha yake yote bila kujua wali umefikaje mezani, akikaa masaa matatu anamwangalia yule mama anapata kitu kipya, anaiona kazi ambayo hajawahi kuiona ingawa ilikuwa nyumbani kwao. Wewe hicho kitu unacho tangu ulivyoanza kuchambua mchele ukiwa mtoto. Muvi imekwambia unachokijua, ndo maana umechoka, na kuchoka kwa namna hiyo hakuitwi kukosa uelewa.

Lakini kuna kitu kimoja nataka nikuulize. Siku ya pili ya yule mama viazi vinapitiliza kuiva, anahangaika na sufuria hajui aiweke wapi, kuanzia hapo kila kitu chake kinaanza kwenda kombo kidogo kidogo, mara kifungo, mara kahawa haina ladha. Wewe uliona? Maana nina hakika mtu anayejua jiko lake anaiona hali hiyo mapema kuliko msomi yeyote, anajua kabisa huyu mama leo hayuko sawa. Kama uliona, basi uliielewa muvi kuliko mdogo wako, na bado unaruhusiwa kutoipenda.

Na kwa kuwa nimeitaja Citizen Kane, walioniuliza kwa nini ile ya 1941 inasifiwa wakati inaonekana ya kawaida tu, jibu ni hilo hilo neno kawaida. Fikiria mkulima wa kwanza kijijini aliyepuliza salfa kwenye mikorosho, ugonjwa wa ubwiriunga ukaisha, watu walikuja kumshangaa, leo kila mtu anapuliza na hakuna anayeshangaa tena. Dairekta wake Orson Welles alikuwa na miaka 25, na mpiga picha wake Gregg Toland akafanya kitu cha mbele na cha nyuma kabisa vyote vionekane vizuri kwa pamoja, wakashusha kamera mpaka dari likaonekana, hadithi wakaisimulia kwa kurukaruka kupitia kumbukumbu za watu. Wote waliofuata wakachukua. Wewe umewaona wanafunzi kabla ya mwalimu. Mimi naiheshimu sana ila sijawahi kutamani kuirudia, na hivo ni vitu viwili tofauti.

Mjomba, kuna muvi intaneti inasema 97 kwa mia halafu ya hovyo, nyingine 60 na ni tamu. Hizi asilimia wanapimaje? (Kijana wa Tandahimba)

Hiyo ni Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji wa muvi, na watu wengi wanaisoma vibaya. 97 haimaanishi muvi imepata maksi 97. Maana yake katika wakosoaji mia, 97 wamesema inafaa, hata kama wote walisema inafaa kiasi tu. Wewe ni wa Tandahimba utanielewa haraka. Siku ya mnada wa korosho wakulima wanaulizwa bei hii tunauza hatuuzi, mikono inanyooka karibu yote, wanauza. Je hapo kila mtu kafurahia bei? Wapi, wengine wananyoosha kwa sababu ada ya shule inasubiri. Asilimia inahesabu mikono, furaha haiipimi. Ndo maana muvi isiyomuudhi mtu inapata namba kubwa, na ile ambayo nusu wanaipenda kufa na nusu wanaichukia inakaa 50 au 60, na mara nyingi hiyo ndo utakayoikumbuka. Soma mapitio mawili matatu yenyewe badala ya namba, tafuta mkosoaji mmoja ambaye mara nyingi mnalingana, mfuate huyo.

Mjomba umetukosea. Avatar imeingiza hela kuliko muvi zote duniani, wewe nani useme imekuzwa? (Shabiki, Lindi mjini)

Nani mimi, mtazamaji kama wewe tu. Na hela ni kweli, zaidi ya dola bilioni 2.9 ukijumlisha na iliporudishwa kumbi. Lakini hela inakwambia watu wangapi waliingia, haikwambii walitoka na nini. Mwaka ule Oscar ya muvi bora ilienda kwa The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow, muvi ndogo ambayo kwa mapato haikaribii hata unyayo wa Avatar. Avatar ilipata tatu, za upigaji picha, mandhari na ufundi wa picha za kompyuta, na hapo sina ubishi, James Cameron alistahili, wenye bahati ya kuiona kwa miwani ya 3D kwenye ukumbi mkubwa wanasimulia mpaka leo.

Kinachonikera ni hadithi. Mgeni anatoka kwa wavamizi, anakaa na wenyeji miezi mitatu, anawazidi kwa uwindaji, anapanda ndege mkubwa kuliko wote, anakuwa ndo kiongozi wao wa vita. Wewe ni mtu wa Lindi bwana. Vita ya Maji Maji iliwaka 1905 kwenye vilima vya Wamatumbi, huko huko mkoani kwenu, neno likatoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, likatembea kijiji kwa kijiji kwa midomo ya watu wenyewe mpaka kusini nzima ikasimama. Hakuna Mjerumani aliyehamia upande wetu akatuongoza. Nikiangalia Avatar nawaona wale watu wa bluu wamesimama nyuma wanasubiri mgeni awaambie cha kufanya kwenye ardhi yao wenyewe, moyo unakataa, na bilioni hazinibadilishi. Wewe kama ilikugusa sikunyang'anyi, ila niandikie kilichokugusa ni nini, nitakichapa hapa hapa.

Shikamoo Mjomba. Sisi wajukuu tunakutana Mikindani sikukuu hii, kuna projekta ya kuazima na shuka jeupe. Tunataka muvi moja iliyosifiwa na inayostahili kweli, bibi yupo, hajui Kiingereza wala kusoma sabtaito, na watoto wadogo wapo. (Mjukuu, Mikindani)

Marahaba. Wekeni The Kid ya Charlie Chaplin, 1921. Haina maongezi, vipo vibao vichache vya maandishi, mmoja wenu avisome kwa sauti kwa Kiswahili, tena kwa mbwembwe kama wale wanaotafsiri muvi za CD. Ni kama saa moja tu, hakuna atakayesinzia. Masikini mmoja anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, anamlea, mtoto akifika miaka mitano hivi wanafanya kazi pamoja, mtoto anatangulia anavunja vioo vya madirisha ya watu kwa mawe, baada ya dakika baba anapita kabeba vioo mgongoni, fundi huyo kafika! Halafu inakuja siku wanataka kumchukua mtoto kwa nguvu wampeleke kituo cha yatima, ile sura ya yule mtoto analia kanyoosha mikono, hapo mwangalie bibi yenu, msiangalie shuka.

Msianze kabla ya isha maana shuka halishiki picha na mwanga, zimeni taa ya baraza, na shuka lifungwe kote kwa kamba, juu na chini, upepo wa bahari pale Mikindani hauna huruma. Kesho yake nitumie meseji bibi amesemaje.