Kwa mnaoanza kazi na watu wenye ulemavu hapa Busia, Uganda

Karibuni. Wengine mmetoka Chuo Kikuu cha Kyambogo na vyeti vizuri, wengine mmejitolea kwa sababu nyumbani kuna ndugu mwenye ulemavu. Nawaandikia hasa mtakaokwenda vijijini. Semina za hotelini mtazizoea bila kufundishwa.

Kwanza mjue kwamba mara nyingi matibabu yapo. Mtoto mwenye kichwa kinachojaa maji ana hospitali ya CURE pale Mbale. Huko ndiko daktari Benjamin Warf na wenzake walikoendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo na kuunguza sehemu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasiwekewe mrija. Mrija ukiziba mtoto akiwa kijijini, anaweza kufa kabla hajafikishwa hospitalini. Anayehitaji upasuaji wa mifupa anaweza kupelekwa hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe. Kwa mwenye saratani na maumivu makali, shirika la Hospice Africa Uganda lilianza kazi mwaka 1993 na mofini ya maji ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu, na tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea huduma ya kutuliza maumivu kumwandikia mgonjwa mofini.

Kinachokosekana ni nauli, mtu wa kubaki na watoto wengine nyumbani, na mtu wa kufuatilia mgonjwa akisharudi. Kazi yenu ni hiyo.

Kwa hiyo msimpe mama barua ya rufaa mkaondoka. Kaeni, mnywe uji mkikaribishwa, mumuulize safari yenyewe itakuwaje. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mwili umekakamaa hashikiki vizuri kwenye boda. Konda wa taksi huenda akadai nauli ya kiti cha magurudumu kana kwamba ni abiria. Hospitalini anayemuuguza mgonjwa anakula kwa pesa yake. Yote hayo yaingie kwenye hesabu kabla hamjapanga tarehe, na tarehe isiangukie siku ya soko. Fedha mpeni asubuhi ya safari, si wiki moja kabla. Si kwamba hatumwamini. Shilingi ikilala nyumbani hupata wenyewe wengi. Halafu mhasibu wetu atataka risiti, na mtu wa boda hana risiti. Tembeeni na daftari: jina lake, simu, kiasi na sahihi, kabla hajawasha pikipiki.

Sasa nikae kidogo kwenye mguu wa kupinda, ule ambao mtoto huzaliwa nao, maana ndio utakaowachosha zaidi. Njia ya kuunyoosha, iitwayo Ponseti, haina makuu. Mtoto hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano hadi nane; wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino; mguu unanyooka na ukoo mzima unashangilia. Ndipo taabu inapoanza. Mtoto lazima avae viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha kila anapolala hadi afikishe umri wa miaka minne au mitano. Baba anauliza, mguu umeshanyooka, viatu vya nini? Mtoto analia usiku, jirani anasema mnamtesa, viatu vinatundikwa ukutani. Mguu unarudi ulikotoka.

Basi tembeleeni nyumba hiyo jioni, baada ya plasta kutolewa, mwone nani hasa anayemvalisha mtoto. Mara nyingi si mama, ni nyanya au dada mkubwa, na huyo ndiye wa kufundishwa. Angalieni vidole: vikichungulia nje, viatu vimekuwa vidogo. Na msimgombeze mama mbele ya wakwe. Katika nyumba nyingine ameshasingiziwa uchawi tangu siku mtoto alipozaliwa.

Kuhusu viti vya magurudumu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2008 unataka mtu apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, naye afundishwe kukitumia. Kiti kikubwa cha wadi kikipewa mtoto mdogo kinampinda mgongo. Asiye na hisia miguuni, bila mto wa kukalia, atapata kidonda bila kujua. Kwa hiyo lori la viti vya msaada likija na wapiga picha, niiteni kwanza.

Mkifika mpakani mtaona baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, zimebeba bidhaa kati yetu na Kenya. Wageni kutoka Kampala hushtuka: baiskeli ya msaada inafanya biashara! Mimi sioni ubaya, mtu amepata kazi. Ninachouliza ni nani atachomelea fremu ikikatika. Jueni mafundi wa jua kali wa sokoni kwa majina.

Ofisini kwa serikali mtapita kwa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, halafu kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola, ngazi ya juu ya vijiji na chini ya wilaya. Lakini watafuteni pia madiwani wanaowakilisha watu wenye ulemavu. Sheria ya serikali za mitaa ya 1997 iliwatengea nafasi katika mabaraza, mwanamke na mwanamume, na wanajua nyumba ambazo orodha zetu hazizijui. Si ajabu. NUDIPU, muungano wa watu wenye ulemavu, ulianzishwa mwaka 1987 na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka huohuo Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ukimwi, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, pamoja na wenzake, wengi wao wakiishi na virusi. Hawakungoja mtaalamu wa kuwaeleza shida yao.

Mkutano wowote mtakaouita kuhusu viziwi uwe na viziwi, na uwe na mkalimani wa lugha ya alama anayelipwa. Msimtumie mtoto wa kiziwi kutafsiri habari za ugonjwa wa baba yake. Malipo ya mkalimani yaandikeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Mkiyaomba baadaye mtaambiwa fedha zimekwisha.